Bakuli la Futari na Daktari wa Usingizi

Mimba yangu ya pili niliibeba na swali moja, na kila niliyemuuliza alitamani ningemuuliza jingine.

Wanawake wenzangu pale Discovery Gardens, Dubai, walipokuwa wakichagua hospitali ya kujifungulia, waliuliza mambo yao. Chumba kina dirisha? Mume ataruhusiwa kulala? Daktari ni mwanamke? Chakula ni cha Kihindi au cha Kiarabu? Mimi niliyasikiliza yote hayo kwa adabu, kisha nikauliza langu: daktari wenu wa usingizi anakaa humu humu hospitalini, au anakaa kwake mpaka mumwite?

Daktari wa usingizi ndiye anayechoma sindano ya mgongo, au anayekulaza kabisa, kabla mpasuaji hajagusa kisu. Watu humsahau. Mzazi akitoka salama hushukuriwa mpasuaji, akaletewa na keki, na mwenzake wa usingizi hata jina halijulikani. Lakini asipokuwapo huyo, mpasuaji awe hodari namna gani, kazi yake ni kusimama na mikono iliyooshwa.

Sababu ya swali langu nilikuwa nayo. Mtoto wangu wa kwanza nilikwenda kumzaa kwetu Mombasa, ili mama awe karibu. Uchungu ukakwama, mtoto akaanza kuchoka, ikaamuliwa nipasuliwe. Mpasuaji alikuwapo, wauguzi walikuwapo, taa zilikuwa zinawaka. Daktari wa usingizi alikuwa harusini kwa jamaa zake, mji wa jirani. “Yuko njiani,” wakaniambia. Nikangoja. “Yuko njiani, mama, vumilia.” Alipoingia alikuwa ananukia udi. Mwanangu alitolewa, na hakulia. Nilirudi nyumbani na mkoba wa nguo za mtoto vilevile nilivyoufunga, na mikono yangu sikujua niiweke wapi. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Tangu siku ile neno “yuko njiani” siliwezi, hata likisemwa juu ya mtu wa kuleta gesi.

Mume wangu alikuwa msimamizi wa ghala la vigae kule Dubai Investments Park, mtu mpole anayeona haya hata kuuliza choo kiko wapi. Alinizungusha hospitalini kwa pikapu ya kazini, yenye picha ya vigae ubavuni, kwa hiyo kila tulipofika mlinzi alituelekeza nyuma, kwenye mlango wa kushushia mizigo. “Mzigo ni mimi,” nilimwambia mmoja wao, nikashuka na tumbo langu.

Hospitali ya kwanza ilikuwa na chemchemi ya maji ukumbini na binti aliyevaa viatu virefu, kazi yake kuwatembeza wajawazito. Alinionyesha beseni la kuogea, akanionyesha pazia linalojifunga lenyewe, akanipa juisi ya embe. Nikamuuliza swali langu.

“Yupo, madam. Saa zote.”

“Yupo wapi?”

“Yupo on call, madam.”

“Nyumbani kwake?”

“Akiitwa anafika mara moja, inshallah.”

Inshallah naipenda, na mambo yangu yote nimemkabidhi Mwenyezi Mungu. Lakini nilikuwa nimeishi Dubai vya kutosha kuijua inshallah ya fundi wa kiyoyozi na inshallah ya mtu wa visa, na hii ya yule binti niliiona ni ya ukoo huo huo. Nikamwomba nimwone daktari mwenyewe. Akacheka, akaniongezea juisi.

Ya pili hawakuwa na chemchemi, walikuwa na samaki. Jibu lilikuwa lile lile. Nyuma yangu mume wangu alikuwa akinivuta kitambaa cha baibui. “Bibi wee, wawauliza watu kana kwamba wewe ndiwe uliyewaajiri,” alininong'oneza. “Wamekwambia yupo. Wataka wamchore?”

Nilitaka kumwona, basi. Na sikujua nitamwonaje, mpaka Ramadhani ilipoingia na Bi Mkubwa akahamia kwetu.

Bi Mkubwa ni dada wa mama yake mume wangu, Mzanzibari aliyeletwa Dubai na wazazi wake akiwa msichana, akaolewa hapa, akapata wajukuu hapa, na Kiunguja chake hakijasogea hata kidogo. Alikuja kuniangalia, alisema, kwa kuwa tumbo lilikuwa limeshuka. Alikuja na vyungu vyake, mwiko wake, na bakuli la kauri la mama yake, jeupe lenye maua ya buluu, ambalo alilibeba mapajani njia nzima kutoka kwake Deira, upande wa pili wa mji. Jiko langu lilikuwa dogo kiasi kwamba friji ikifunguliwa mtu mmoja lazima atoke. Siku ile ile nilitoka mimi.

Habari za sindano ya mgongo hakutaka kuzisikia. “Weye wataka kuzeeka umepinda?” aliniuliza. “Mie wanangu wote nimewazaa hapa hapa Dubai, na mkunga wa kwetu, kuna feni na Ayatul Kursi. Khalas. Haya ya kudungwa uti wa mgongo mmeyatoa wapi?”

Basi kila magharibi ilipokaribia, Bi Mkubwa alinituma kwa majirani na futari iliyofunikwa, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kama alivyolelewa. Nasi watu wa pwani mambo haya tuna taratibu zake. Futari hupewa mwenyewe mkononi. Chombo hukiachi, unangoja kimiminwe, au kinarudishwa kesho, na hakirudi kitupu. Siku moja nikabisha kwa jirani wa ghorofa ya chini. Mtoto wake akapiga kelele ndani kwamba mama yupo, mama anakuja, mama yuko chooni. Nikasimama na sahani yangu hadi adhana. Mama yule alikuwa hajatoka kazini. Nilipanda ngazi nikicheka peke yangu, kwa sababu dawa ya hospitali nilikuwa nimeipata.

Saa ya kufuturu, mji mzima, kila anayeweza kuwa kwake yuko kwake. Daktari utakayemkuta hospitalini saa ile, basi huyo ni wa kukaa hospitalini. Nami sitamuuliza mtu. Nitampelekea futari.

“Bi Mkubwa,” nikasema, “nataka kuwapelekea futari watu wa hospitali.”

“Mashallah!” Alifurahi mpaka akanibusu kipaji cha uso. “Wagonjwa hawana wa kuwapikia. Ntakukaangia sambusa, ntakutilia na kaimati.”

Mimi sikutaja wagonjwa, yeye ndiye aliyetaja. Nikaenda kumtafutia kitambaa cha kufunikia.

Tulianza na ile ya chemchemi. Nilitembea ukumbini tumbo mbele, bakuli la Bi Mkubwa mikononi limefunikwa kitambaa cheupe, nikawaambia wa mapokezi nimeleta futari ya daktari wa usingizi wa zamu. Wakatazamana. Simu ikapigwa. “Anashuka, madam.” Nikangoja. Kisha akaja muuguzi kijana, anatabasamu, amenyoosha mikono.

“Nimetumwa nikupokelee.”

“Ahsante mwanangu, lakini chombo ni cha watu, na desturi yetu ni kumpa mwenyewe,” nikasema, nikafunua kitambaa. “Ila wewe onja moja, umechoka.”

Sambusa za Bi Mkubwa haziombi ruhusa. Akaonja. Akachukua ya pili.

“Daktari mwenyewe anafuturu wapi?” nikauliza, polepole, nikimpanguzia makombo.

“Kwake, Sharja,” akajibu mdomo umejaa, kisha akaacha kutafuna.

Aliyewahi kukaa Dubai hahitaji kuelezwa barabara ya Sharja. Kwa msongamano wake mtu anaweza kuchumbia, kuoa na kuacha kabla hajafika. Nikamwachia yule muuguzi sambusa nyingine kwa ukweli wake, nikarudi kwenye pikapu.

Kwenye ile ya samaki alishuka mtu kweli, mwanamume wa makamo, nguo za kijani, uso wa njaa. “Futari iko wapi?” ndiyo ilikuwa salamu yake. Nikampa kiti, nikampa tende, nikamtazama anavyokula kwa bidii. Moyo ulianza kutulia. Nikamuuliza, “Daktari, nikija kuchomwa ile sindano ya mgongo, nitakaa au nitalala?” Akatafuna. Akatazama dari. Akatafuna tena.

“Madam,” akasema, “mimi ni wa meno.”

Njia nzima ya kurudi mume wangu alicheka hadi akakosea njia ya kutokea, tukajikuta tunaelekea Hatta, kule milimani. Mimi sikucheka. Tumbo lilikuwa zito, siku zilikuwa zinakwenda, na nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba daktari ninayemtafuta hayupo mji huu wote, kwamba wote ni wa kuitwa, na mimi nitalazwa tena kitandani chini ya taa nikiambiwa yuko njiani.

Ya tatu nilikuwa nimeiacha mwisho kwa sababu sura yake haikunivutia. Ilikaa baina ya duka la magurudumu na supamaketi, haina maji wala samaki, na mwanamke wa mapokezi hakuwa na tabasamu hata la kuazima.

“Nimeleta futari ya daktari wa usingizi.”

“Hawezi kushuka.”

“Dakika moja tu.”

“Madam, hawezi. Yuko juu.”

“Chombo ni cha watu, sina ruhusa ya kukiacha.”

“Basi kaa.”

Nikakaa. Kokote nilikopita niliambiwa anashuka. Hapa ndipo pa kwanza nilipokataliwa. Adhana ikaita kutoka msikiti wa upande wa pili, mlinzi akanipa maji na tende, watu wakala, watu wakaswali, kaimati zikaanza kukauka sukari. Mume wangu akaingia kuchungulia. “Twende zetu, Bi Mkubwa atadhani tumegongwa.” Nikamwambia aende akaswali, mimi siondoki.

Hatimaye ngazi zikalia viatu, akashuka mwanamke. Mfupi, mtu mzima, kofia ya kitambaa kichwani, mashavuni alama za barakoa. Alikuwa Msudani. Hakuuliza mimi ni nani. Alikula kaimati kwanza, amesimama vilevile, macho ameyafumba, ndipo akanisalimia.

“Nani alikwambia niko hapa saa hizi?” aliniuliza kwa Kiarabu.

“Hakuna. Nimekuja kutazama kama upo.”

Akanitazama mimi, akalitazama tumbo, akalitazama bakuli. Nikaona amenielewa yote, maana mabega yalianza kumtikisika. Alicheka bila sauti, ukutani ameegemea, mpaka mwanamke wa mapokezi akatoa kichwa kuangalia kuna nini.

“Kuna mzazi juu, ametoka sasa hivi salama,” akasema. “Nisingeweza kumwacha.”

“Na asingekuwapo mzazi yeyote? Ungekwenda kufuturu kwako?”

“Zamu yangu ni ya humu ndani. Nikitaka kutoka, mwenzangu lazima awe ameshaingia. Chumba cha kulala tunacho, kibaya, kina kitanda kinacholia.”

Kile kitanda kinacholia kilinifurahisha kuliko chemchemi na samaki. Sikuwa nimepanga kumweleza mengine, lakini mdomo ulifunguka. Nikamwambia juu ya harusi ya mji wa jirani. Nikamwambia juu ya harufu ya udi. Akaacha kula.

“Utazaa lini?”

“Wanasema baada ya Idi.”

“Ikiwa Idi yenyewe, pia tupo,” akasema, na alitaka kuongeza neno, lakini aliitwa kutoka juu, akapanda ngazi mbio.

Nilitoka pale mwepesi, nikajipandia pikapu bila kusukumwa. Tulikuwa tumefika kwenye taa za barabarani mume wangu aliponiuliza, “Bakuli li wapi?”

Bakuli lilikuwa limepanda ngazi na daktari.

Nilijaribu kuingia nyumbani kwa kunyata, lakini Bi Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, na macho yake hayakuja usoni kwangu, yalikwenda moja kwa moja mikononi. Hapo ikabidi nieleze, kutoka mwanzo, mume wangu akijifanya anatafuta kitu chini ya kochi.

“Yaani kaimati zangu,” akasema Bi Mkubwa taratibu, “weye umezifanya kachero?”

“Ndiyo, Bi Mkubwa.”

“Na wagonjwa hawakula?”

“Hawakula.”

Akakaa. Akafikiri. “Na huyo wa meno naye kala?”

“Alikula sana.”

“Mwanaharamu,” akasema. Kisha akanigeuzia mgongo. “Bakuli la mamangu ntalifuata mwenyewe. Na sindano hiyo, mie simo.”

Lakini joto la kiangazi lilikuwa linachoma hata kivuli, na kila siku Bi Mkubwa aliahirisha. Kila futari alilitaja marehemu, yaani bakuli, akituhesabia alivyokula ndani yake akiwa mdogo, mpaka tukawa tunalikumbuka na sisi.

Idi ikafika. Nyumba ikajaa wageni: jamaa wa Deira, wenzake mume wangu wa ghalani, majirani wa ghorofa zote. Nilikuwa napakua biriani uchungu uliponishika, wiki nzima kabla ya siku zangu. Nikashika friji. Ukapita, nikapakua. Ukarudi, nikashika friji tena. Kusema sikuweza. Kwetu uchungu hautangazwi. Wazee wanaamini wakijua wengi, mtoto anakawia kutoka. Na mume wangu alikuwa ukumbini na kanzu mpya, akipokea mikono ya watu, hana habari.

Bi Mkubwa akanitazama juu ya vichwa vya wageni. Akaitazama friji. Akasimama.

“Jamani, mniwie radhi,” akatangaza. “Mie nakwenda hospitali kufuata bakuli langu.”

Wageni wakageuka kumtazama.

“Bakuli, leo?” mume wangu akauliza. “Bi Mkubwa, leo si Idi?”

“Leo leo! Na mkeo ndiye alijuaye, anakuja na mimi. Yalla, lete gari!”

“Si tungoje kwanza wageni...”

“Nimesema bakuli!” Alimpigia ukelele ambao hata chini waliusikia. Naye, maskini, akachukua funguo, huku wageni wakitikisa vichwa kwa jinsi uzee unavyokuja kwa watu. Mkoba wa nguo za mtoto Bi Mkubwa aliutoa amejitanda nao ndani ya baibui. Ilikuwa mpaka kwenye lifti ndipo mume wangu alipoona nimejikunja, akaelewa, akaanza kubonyeza vitufe vyote.

Njiani barabara zilikuwa tupu, maduka yamefungwa, na hapo ujanja wangu wote ulinitoka. Nilikuwa nimewapeleleza Ramadhani nzima, lakini Idi sikuipeleleza. Idi ndiyo siku ya watu kuwa kwa jamaa zao. Idi ni kama harusi. Nilikaa baina ya Bi Mkubwa na mume wangu, nikinusa udi waliojifukiza asubuhi, na niliogopa sijapata kuogopa hivyo. Nilitaka kumwambia ageuze gari, wala sikujua aelekee wapi.

Mapokezi alikuwa yule yule asiye na tabasamu. Nikafungua mdomo kuuliza swali langu, swali moja nililolibeba miezi yote ile, na halikutoka. Jibu lake nililiogopa.

Bi Mkubwa akanisogeza pembeni. Akaegemea meza kwa viwiko viwili. “Daktari wa usingizi yuko?” akauliza, kwa Kiarabu cha Deira, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake.

“Yuko juu,” akajibu yule mwanamke, hata hakuinua macho.

Nililia pale pale ukumbini. Walidhani ni uchungu, wakaniletea kiti cha magurudumu.

Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na ikaamuliwa haraka nipasuliwe. Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguliwa, daktari wangu alikuwa ameshasimama humo, mfupi, kofia kichwani. “Umm bakuli,” akaniita, yaani mama bakuli. Akaniketisha ukingoni mwa kitanda, akaniambia nikunje mgongo kama paka aliyekasirika. Nikakunja. Mkono wake ulikuwa begani kwangu muda wote, na alinieleza kila atakachofanya kabla hajakifanya. Miguu ikawa mizito, ikawa si yangu. Mpasuaji sura yake siikumbuki, Mungu anisamehe. Nakumbuka uso wa yule mwanamke tu, umepinduka juu ya kichwa changu, na nakumbuka nilimuuliza, “Hutoki?” akasema, “Nitoke niende wapi?”

Kisha mwanangu akalia. Alilia kwa hasira, kwa kelele, kama aliyevunjiwa miadi, na mimi nilitamani asinyamaze.

Siku ya kutoka, daktari alikuja chumbani na bakuli. Limeoshwa, na ndani limejaa tende na halua ya Idi, kwa kuwa kwao pia, alisema, chombo cha watu hakirudi hivi hivi. Bi Mkubwa akalipokea. Akalipitisha kidole ukingoni kote, akitafuta ufa. Hakuuona. Ndipo akamkumbatia yule mwanamke, akamshika kwa muda mrefu.

“Mgongo vipi?” akanigeukia, akijipangusa macho.

“Hauumi, Bi Mkubwa.”

“Utauma uzeeni,” akasema, akampakata mjukuu wake.

Tukashuka. Bakuli nilibeba mimi. Mkoba wa nguo aliubeba mume wangu, na kwenye ngazi akautikisa akidhani tumesahau kitu, maana ulikuwa mtupu. Hatukuwa tumesahau. Nguo zote zilikuwa zimevaliwa na mwenyewe, na zote alikuwa ameshazikojolea.